Laptopu Tisa, Mistari Kumi na Minane

Watu wa Zagazig, huku kwetu Misri, watakwambia ukisamehe Mungu atakulipa. Ni kweli, sibishi. Lakini Samiha Dardiri alikuwa na miaka hamsini na tatu, ameshamsamehe shemeji yake, amemsamehe jirani aliyempasulia bomba la maji, amemsamehe hata mume aliyemtaliki kwa simu. Huyu Mhandisi Raafat alimshinda. Alisema waziwazi, bilauri ya chai mkononi: "Huyu simwachii Mungu peke yake. Mungu ana kazi nyingi."

Na haki alikuwa nayo! Sikiliza ilivyokuwa.

Samiha alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika Taasisi ya Vipimo vya Udongo, na Raafat Shandawili ndiye aliyekuwa mkurugenzi. Katika ofisi za serikali kitu hakikai hewani. Kila kiti, kila feni, kila kompyuta lazima iwe chini ya dhamana ya mtu, kwa jina lake na sahihi yake, na ikipotea, mwenye jina ndiye anayebanwa. Sasa, desturi ya wakubwa ni moja tu: mkubwa anatumia, mdogo anasaini. Mkurugenzi gani atakubali kutia sahihi kwa ajili ya mashine, kama mlinzi wa stoo?

Laptopu tisa zilipokuja, nyeusi, mpya, bado zinanuka plastiki, Raafat alishuka mwenyewe hadi kitengoni.

"Bi Samiha, ua la ofisi," alisema, "zitie kwenye dhamana yako kwa muda. Mimi nazichukua, kuna mafunzo Kairo."

"Hewala, Bwana Mhandisi. Nipe basi kikaratasi kwamba umezichukua."

"Kikaratasi!" Raafat akawageukia wafanyakazi waliokuwepo. "Mnamsikia? Anataka kuniandikisha kama mwanafunzi aliyeazima kitabu!"

Watu wakacheka. Samiha naye akacheka kwa haya, akatia sahihi, na sahihi hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwezi wa Juni kamati ya kuhesabu mali ilipopita, laptopu tisa hazikuonekana. Samiha akasema amezichukua mkurugenzi. Mkurugenzi akafungua viganja vyake viwili, vyeupe, safi, akauliza: "Mimi? Karatasi iko wapi?" Karatasi haikuwepo. Afisa wa uchunguzi akaandika kwenye faili la Samiha: uzembe na kupoteza mali ya umma. Mshahara ukakatwa, kitengo akapewa kijana mmoja asiyejua kitu, na Samiha akateremshwa chini kabisa ya jengo kulinda stoo ya skrepa.

Hayo yote angeyabeba. Lakini mama yake mzazi, mwanamke aliyemlea kwa kushona magauni ya watu, alimwuliza jioni moja wakichambua mchele: "Samiha, mwanangu, niambie mimi tu. Kweli hukuzichukua?" Samiha aliapa kwa msahafu. Mama akasema, "Nimekuamini," lakini alisema huku anautazama mchele. Kipupwe kile mama hakukimaliza. Alizikwa, na Samiha hajui hata leo kama alizikwa akimwamini au akimstahi tu.

Basi usiniulize kwa nini alikuwa na chuki. Alikuwa nayo, aliilisha, na ilinenepa.

Kule stoo kulikuwa na mashine mia nne na zaidi. Kitu cha serikali hakitupwi hata kikifa. Husubiri kamati, na kamati husubiri kamati nyingine. Kulikuwa na skrini kubwa za zamani, printa zenye meno yaliyong'oka, faksi zilizotazama ukuta. Samiha alichukua mashine tatu zilizokufa akatengeneza moja inayopumua, akafungua jedwali la Ekseli, akaanza. Aina ya mashine, namba ya kiwandani, chumba, mwenye dhamana, tarehe, hali yake. Kila moja aliigeuza, akaifuta vumbi kwa mtandio mkuukuu, akaisoma ile namba ndogo kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa mwaka mzima wa kukohoa vumbi.

"Unaandika nini mchana kutwa?" alimwuliza Hajati Inayat, mwanamke wa chumba cha mafaili cha jirani, aliyekuwa akija kutafuna mbegu za alizeti. "Unahesabu maiti?"

"Nahesabu, Hajati. Siku ya kufufuliwa nataka majina."

"Astaghfirullah! Wewe mwanamke una ulimi!"

Mistari tisa ya kwanza ya jedwali lile ilikuwa myekundu. Ni zile laptopu tisa. Hali: imepotea. Mwenye dhamana: Samiha Dardiri. Namba zake za kiwandani alikuwa amezitaja mbele ya uchunguzi mara nyingi mno, alizijua kwa moyo kama unavyojua namba ya simu ya nyumbani kwenu.

Halafu ikaja barua kutoka Kairo. Kila taasisi ilete jedwali la kompyuta zake zote, na namba za kiwandani, kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Ofisi nzima ikashikwa na homa. Yule kijana wa kitengo alikuwa na daftari moja tu, na ndani yake ameandika "kompyuta: nyingi". Samiha akapanda ngazi na flashi yake, akaiweka mezani bila neno. Tangu siku ile mashine haikuingia wala kutoka bila kupita kwenye jedwali lake. Chumba cha juu lakini hakurudishiwa. Raafat alisema, watu wakisikia: "Mwacheni huko huko chini. Kuku akipata pa kuchakura hasumbui mtu."

Mdharau mwiba mguu huota tende, wazee hawakukosea.

Mwaka wa tatu wa Samiha kule stoo, Raafat alipata mkataba wa kazi Kuwait. Mshahara mara kumi, nyumba, gari lenye kiyoyozi. Mkewe alikuwa ameshagawa mitungi ya achari kwa majirani. Kilichobaki ni kitu kimoja: karatasi ya kutodaiwa, yenye muhuri wa tai wa serikali, kuthibitisha kwamba kila kilicho chini ya dhamana yake amekirudisha. Bila hiyo, ruhusa ya likizo haitoki, na bila ruhusa hasafiri.

Na mara hii alikuwa na dhamana, tena ya sahihi yake mwenyewe! Maana zilipokuja laptopu kumi na mbili nyingine mwaka uliotangulia, aina ileile, rangi ileile, muuzaji yuleyule, hakupatikana mtu wa kumsainia. Yaliyompata Samiha kila mtu aliyaona. Hata Ami Metwali, mhudumu wa chai, alipopewa kalamu alisema mkono wake unatetemeka siku hizi. Mkono uleule uliobeba trei ya bilauri kumi ghorofa nne bila kumwaga tone! Raafat akasaini kwa hasira. Tatu zikabaki ofisini, na tisa zikaondoka kwenye buti la gari. Wote walinong'ona kwamba zimekwenda kwenye kituo cha kufundishia Kiingereza cha mkwe wake. Kunong'ona lakini si karatasi.

Siku mbili kabla ya kamati kuja, Ami Metwali aliteremka stoo akisukuma kigari chenye laptopu kumi na mbili.

"Za Mhandisi hizo," alisema. "Anarudisha dhamana yake."

"Umezitoa wapi, ami?"

"Tatu mezani kwake, tisa kwenye buti lake. Usiniulize zaidi, mimi punda wa mizigo tu."

Samiha akazichukua moja moja. Tatu za kwanza zilikuwa sawa, mistari yake kwenye jedwali ikawa ya kijani. Ya nne ilikuwa na stika mpya ya taasisi, nyeupe, gundi bado inanata, lakini kibodi yake ilikuwa imelika herufi na pembe zimechubuka. Laptopu ya mwaka mmoja haizeeki hivyo. Akaigeuza. Namba ya kiwandani chini ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu. Akacheka kidogo puani. Watu hawa hawajui kwamba namba ile imo pia ndani ya mashine yenyewe. Akaiwasha, akabonyeza anapopajua, akaisoma.

Akaisoma tena. Kisha akakaa juu ya faksi iliyokufa.

Ilikuwa moja ya zile zake.

Akaziwasha zote. Tisa. Zote tisa! Mkwe alikuwa amezitumia zikachoka, akapewa mpya, na hizi kuukuu zikaletwa kujaza pengo. Raafat alijua kamati za Juni zilivyo: huhesabu vichwa. Laptopu ngapi? Kumi na mbili. Zipo? Zipo. Gonga muhuri, lete chai. Alizoea hivyo tangu ujana wake, na hakukumbuka kwamba barua ya Kairo imebadilisha mambo, na kwamba kule chini kuna mwanamke asiyesahau namba.

Za mwizi ni arobaini, na arobaini ya huyu ilikuwa imekuja na kigari.

Hajati Inayat alipoambiwa, mbegu za alizeti zilimwagika zote sakafuni. "Panda juu sasa hivi! Piga kelele jengo lote likusikie!"

"Sipigi."

"Umerogwa?"

"Hajati, tumia akili. Tisa zangu ziko wapi sasa hivi? Stoo kwangu. Nikipiga kelele, atafungua viganja vyake vile na kusema: mnaona, alikuwa amezificha chini miaka yote mitatu. Na safari hii nitafungwa."

Hajati akainama kuokota mbegu zake. Kisha akasema polepole, "Yarabi. Kumbe umeshika makaa ya moto."

"Nayashika. Nataka tu sahihi yake iyashike pamoja nami."

Akachapa fomu ya marejesho kama barua ya Kairo ilivyoagiza: nimerudisha mimi, Raafat Shandawili, mashine hizi. Laptopu kumi na mbili, na namba ya kiwandani ya kila moja, ileile aliyoisoma ndani ya mashine. Hakudanganya hata herufi. Akamchukua Ami Metwali awe shahidi wa makabidhiano, wakapanda ghorofa ya nne.

Raafat alikuwa kwenye simu, anacheka na mtu wa Kuwait kuhusu vyumba vya kulala. Akamwonyesha Samiha kwa kidole: weka hapo. Akaitazama fomu, akaziba simu kwa kiganja.

"Manamba yote haya ya nini?"

Samiha alikaza macho kwenye kalamu ya mkurugenzi. Angesoma tu. Angelinganisha namba mbili tu na karatasi yake ya mwaka jana, mambo yangekwisha, na yeye angekwisha pamoja nayo.

"Kairo wanataka, Bwana Mhandisi. Bila namba, karatasi yako haitoki mpaka Septemba."

"Kairo, Kairo." Akatia sahihi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mstari kwa mstari, simu begani. Alipomaliza akamtazama Samiha kwa mara ya kwanza. "Umekuwa hodari huko gizani, eh? Unaona? Kumbe nilikufanyia hisani."

Ami Metwali aliinamisha kichwa kwa aibu. Samiha hakuinamisha. Alisema kwa sauti tamu kabisa, "Mungu akulipe kwa kila ulichonifanyia, Bwana Mhandisi."

"Amina," akasema Raafat, akarudi kwenye simu.

Nakala moja Samiha aliituma Kairo siku hiyohiyo. Nyingine aliilaza chini ya mto wake, na usiku ule alilala fofofo.

Kamati ilikuja Jumatano. Mwenyekiti wake alikuwa Ustadhi Labib (kwetu kila karani huitwa ustadhi) kutoka ofisi ya fedha ya mkoa, Mkristo mmoja mwembamba, mpole, mwenye kubeba muhuri wa tai ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mkewe. Ukumbi ulikuwa umepambwa. Raafat alikuwa ameagiza trei mbili za keki za basbusa kwa ajili ya kuagana, na wafanyakazi wote walikuwepo, wengine kwa mapenzi, wengi kwa basbusa. Laptopu kumi na mbili zilipangwa mezani. Samiha alikaa mwisho wa meza na jedwali lake.

Ustadhi Labib akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Zipo. Tumshukuru Mungu." Akaanza kufungua mfuko.

"Samahani, Ustadhi," alisema Samiha. "Jedwali limekataa."

"Limekataa nini, Bi Samiha?"

"Namba tisa kati ya hizo haziko kwenye dhamana ya Mhandisi Raafat. Ziko kwenye dhamana yangu. Ni zile nilizopoteza miaka mitatu iliyopita."

Mtu mmoja tu ukumbini ndiye aliyeendelea kutafuna.

Raafat alicheka. "Amechanganya herufi. Kukaa chini ya ardhi kunaharibu macho."

"Inawezekana," akasema Samiha. "Tuwashe basi, tusome wote."

Waliziwasha. Ustadhi Labib alivaa miwani yake, akasoma namba kwa sauti, na kabla hajafika katikati Samiha akawa anamalizia kwa moyo, bila kutazama popote. Moja. Ya pili. Ya tatu. Ilipofika ya tano, Raafat alikuwa amekaa. Labib akachukua fomu ya marejesho, akaitazama mbele na nyuma.

"Sahihi hizi ni zako, Bwana Mhandisi?"

"Ni zangu, lakini..." Akageuka haraka. "Samiha, njoo kidogo nje."

Walitoka kwenye ujia. Hajati Inayat aliwafuata mpaka mlangoni, akajifanya anafunga kandambili.

"Samiha, dada yangu," alisema Raafat, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Sema umekosea. Sema jedwali lina kasoro. Kwa haki ya Mtume, ndege yangu ni Jumapili. Nitaandika leo hii adhabu yako ifutwe kwenye faili. Utarudi kitengoni. Utakuwa mkuu tena, nakuapia kwa uhai wa binti yangu."

"Utaifuta kwenye faili."

"Leo! Sasa hivi!"

"Na mama yangu, Bwana Mhandisi? Aliniuliza kama mimi ni mwizi. Kule nani atamfutia?"

"Allah amrehemu," alisema Raafat.

"Usimtaje."

Hajati Inayat alinyanyua kichwa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Samiha, mwenzangu, ameshadhalilika. Ana mke, ana watoto. Mwachie. Umeshinda."

"Bado," akasema Samiha. Akarudi ndani.

Alikaa kwenye kiti chake, akaigeuza kompyuta ili kamati nzima iione. Upande mmoja palikuwa na mistari tisa myekundu yenye jina lake. Upande wa pili palikuwa na mistari tisa yenye jina la Raafat, mitupu, inasubiri.

"Ustadhi Labib, mimi sitaki kumwonea mtu," alisema. "Laptopu ni tisa, mistari ni kumi na minane. Haziwezi kujaza kote kuwili. Mwenye sahihi aseme mwenyewe, mimi nitaandika. Akisema ni zake, sawa, aeleze kwa nini namba zake ni zangu. Akisema ni zangu, mimi sidaiwi, naye atuambie zake ziko wapi."

Macho yote yakamwendea Raafat, aliyekuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Labib. Labib alikuwa anaurudisha muhuri wa tai ndani ya mfuko wake, taratibu, na kukaza kamba. Akawatazama wafanyakazi wake, na hakuna aliyecheka naye mara hii. Alitazama laptopu, moja moja, kama mtu anayetafuta ya kumi na tatu.

"Za Samiha," alisema.

"Sijasikia, Bwana Mhandisi," akasema Samiha. "Feni inapiga kelele."

"Za Samiha! Zilikuwa za Samiha, nilizichukua mimi!"

Mtu mmoja nyuma akasema "Lahaula!" kwa sauti ya chini. Ami Metwali aliweka trei ya chai mezani kwa kishindo, bilauri zote zikagongana. Samiha akaandika. Mmoja baada ya mwingine, mistari tisa yenye jina lake ikageuka kijani. Hakuwa na haraka, na kila mmoja aliutazama mpaka rangi ilipokaa. Alifikiri angelia. Hakulia. Alijisikia vizuri, vizuri sana, na hakuona haya hata kidogo.

Ustadhi Labib akafungua ukurasa mpya wa daftari lake, akaandika tarehe juu.

"Haya, Mhandisi Raafat," alisema kwa upole wake uleule. "Na tisa zako ziko wapi?"

Mtu akamsogezea Raafat kiti. Samiha akavuta sahani ya basbusa karibu, akakata kipande kikubwa chenye lozi, akaanza kula akimtazama usoni, na vidole vya mkono wa pili vikabaki juu ya kibodi, vinasubiri jibu.